Jumapili Tatu za Kunyamaza

Kanuni niliiandika mimi mwenyewe, kwa kalamu nyeusi, juu ya kipande cha katoni. Nalisema hilo kwanza ili mtu asidhani nimekuja kuwatupia wenzangu mzigo wote. Sehemu yao nitawapa, na sitaipunguza.

Katika mtaa wetu hapa Bunia kuna chumba cha michezo ya video, cha mbao na mabati, chenye televisheni mbili na mashine mbili. Watu wanakiita salle. Mwenyewe ni mama wa rika langu, ambaye siku za kazi anakikodisha kwa wanafunzi huku akikaa mlangoni na karai lake la mandazi. Kazi yangu ni kutengeneza redio na kufunga paneli za jua. Shule niliiacha mapema. Ufundi nilijifunza kwa vitabu vilivyopoteza majalada na kwa kufungua vyombo ambavyo wengine walishavitupa. Nilimfungia yule mama paneli zake, na siku ya kujaribu umeme akawasha mashine, akanipa manette mkononi, kile kishikio cha kuchezea.

"Cheza kwanza, fundi," alisema. "Bila kucheza utajua aje kama inatembea?"

Nilikuwa na miaka arobaini na mitatu. Tangu siku hiyo sijaacha.

Jumapili mchana, watu wakishatoka ibadani, salle inakuwa ya watu wazima. Huwa tuko sita au saba. Desturi yetu ni hii: kabla mashine haijawashwa, kila mmoja anasema anacheza mchezo gani, amefika wapi na anauonaje. Kusema ni mzuri au ni mbaya haitoshi, lazima utoe sababu, na wengine wana haki ya kukupinga. Mimi niliipenda saa ile ya kusema kuliko kucheza kwenyewe. Mtu kama mimi, asiye na cheti, huulizwa bei ya betri tu. Pale niliulizwa nafikiri nini.

Mchezo wangu ulikuwa wa kujenga mji. Unaweka barabara, unavuta maji na umeme, watu wanakuja kukaa. Maoni yangu, ambayo niliyatoa mara nyingi, ni kwamba waliotengeneza mchezo ule ni watu makini lakini hawajawahi kuona barabara ikifa. Ukishaijenga kwao, imekaa. Mvua inanyesha, lakini haichimbi kitu. Mama mwenye salle alicheza mpira, na ugomvi wake ulikuwa na mwamuzi.

"Arbitre ya hii muchezo haogopi batu," alilalamika. "Stade mizima inapiga kelele, yeye anakaa tu sawa ukuta. Arbitre haogopi publique, huyo anaharibu mupira."

Wa tatu ni mchimbaji wa dhahabu, Mwislamu, mtu wa mikono mikubwa na mdomo mkubwa zaidi, aliyefanya kazi kwenye mashimo ya upande wa Mongbwalu mpaka mguu wake ukamshinda. Sasa ananunua na kuuza simu sokoni. Yeye alicheza vita. Hakuna mchezo wa vita uliofika mji huu ambao hakuumaliza.

"Hii ya mupya iko na bunduki mingi na akili kidogo," alituambia Jumapili moja. "Naua mutu, anaamuka, anarudi kwa ile kona kunichunga. Sasa alikufa kwa nini?"

Wa nne ni mkulima, na habari hii ni yake. Siku ile, baada ya mchimbaji kusema, alinyoosha kidole kuelekea televisheni. Jumapili iliyotangulia tulikuwa tumemwona mchimbaji akipita na bunduki katika kijiji cha mchezo wake, nyumba kwa nyumba, na katika nyumba moja chungu kilikuwa bado jikoni.

"Wenye zile nyumba beko wapi?" mkulima aliuliza.

"Hakuna batu mule, papa. Walikimbia."

"Walikimbia kwenda wapi?"

"Muchezo haisemi."

"Basi haijaisha," mkulima alisema. "Weye unasema umemaliza. Haujamaliza kitu."

Tulicheka wote, hata mchimbaji. Niliyaona kuwa maoni mazuri kuliko yote niliyowahi kuyasikia pale, na sikusema hivyo. Nilicheka tu.

Mkulima anatoka kilima kimoja nyuma ya mji wa Fataki. Aliondoka huko na mke na binti wawili, wakati watu wote wa kile kilima walipoondoka kwa vita. Sasa anaishi katika chumba cha kupanga si mbali na salle, na analima mashamba ya watu wengine pembeni mwa mji. Mchezo wake hatukumletea sisi. Ulikuwa umekuja ndani ya diski pamoja na michezo mingine ya kunakili, hakuna aliyeufungua. Ni mchezo wa nchi tupu. Unapewa ardhi yenye milima, mito na miti, na kila kitu kimetengenezwa kwa vipande vya mraba. Hakuna anayekuambia ufanye nini. Unakata, unapanda, unaweka uzio, unajenga. Mchimbaji aliujaribu siku moja, akachimba shimo refu, akaurudisha.

"Shimo haiporomoki," alisema. "Nimechimba mpaka chini, hakuna mbao ya kuzuia, hakuna kitu, na haiporomoki. Ni muchezo ya batoto."

Mkulima alipoufungua mara ya kwanza alikaa bila kubonyeza kitu kwa muda mrefu. Ardhi iliyotokea ilikuwa na kilima chenye mabega mawili, na kijito kikishuka upande wa mkono wa kuume. Alituambia kwamba kilifanana na kilima chao, hakuna zaidi ya hapo. Tangu siku hiyo alicheza mchezo huo mmoja tu, zaidi ya miaka miwili, na binti yake mkubwa, ambaye sasa yuko sekondari, alikuwa akija kukaa naye.

Maoni yake ya kila Jumapili yalikuwa malalamiko. Alisema uzio wa mchezo hauwezi kupinda, unakwenda kwa mraba tu, na mpaka wao wa chini unapinda mara mbili kufuata maji. Alisema mihogo haimo, akalazimika kupanda ngano mahali pa mihogo, na mtu mwenye akili hapandi ngano mahali pale. Alisema mvua inanyesha kilima chote kwa pamoja, wakati kwao inaanza juu na watu wa chini wanapata muda wa kuanua nguo. Kwa kila kosa alimgeukia binti yake: hapa iko uongo, ukumbuke, hapa mchezo unadanganya.

"Papa," mchimbaji alimwambia mara moja, "siye tunasema mambo ya muchezo, weye unatusomea procès ya mashamba. Kila dimanche uko unatupeleka tribunal."

"Na siku tribunal ya kweli itaita," alijibu, "weye utakuwa témoin yangu?"

Mimi nilidhani huo ushahidi wa mahakamani ni mzaha. Niliuona mchezo ule kuwa kazi ya kupanga vipande, wala sikuufungua kusoma menyu zake, mimi ninayesoma menyu zote kwa kamusi, neno kwa neno. Niliudharau. Ilikuwa baadaye sana, tukiwa tumekaa wawili kwenye ngazi ya salle tukisubiri betri zijae, ndipo nilipomwuliza mkulima kwa nini anajisumbua hivyo.

"Tulitoka kule, ule mukubwa alikuwa na miaka sita," alisema. "Mudogo nilimubeba. Nikikufa leo, beko wanajua nini? Jina ya kilima, basi. Siku batu watarudi, mutu atawaambia mpaka yenu iko huku, watasema ndiyo. Watasema na asante."

"Si uwachoree kwenye karatasi?"

"Nilichora. Kwa karatasi banaona mistari. Humu banatembea. Kaka yangu mukubwa naye anajua yote. Tuko wawili. Lakini yeye anazeeka."

Kaka yake alikuwa amehamia Kpandroma. Miezi michache baada ya maongezi yale alikufa huko, kwa ugonjwa wa tumbo, na habari ikafika kwa simu. Wote tulijua. Tulikwenda kukaa na mkulima kwenye matanga, mama mwenye salle alipeleka chai na sukari, mchimbaji alibeba viti. Hakuna mtu wa Jumapili anayeweza kusema hakusikia.

Sasa kanuni. Diski ya mashine ilikuwa inajaa kila mara, na ugomvi wa kufuta mchezo wa nani ulikuwa umeanza kuharibu mazungumzo yetu. Nilipendekeza utaratibu, kila mtu akaukubali: mchezo ambao haukusemwa Jumapili tatu mfululizo unafutwa, nafasi ikihitajika. Niliona ni haki. Haipendelei mtu, haihitaji kubishana, unahesabu tu. Niliiandika, nikaipigilia misumari juu ya televisheni ya kwanza, nikajisikia nimefanya jambo.

Kwao mkulima, aliyemzika kaka yake mkubwa hasemi katika baraza la kujifurahisha mpaka ukoo umalize kilio. Anaweza kuja. Ni vizuri aje, kwa sababu mwenye msiba haachwi peke yake. Anakaa karibu na mlango, watu wanamsalimu, anaondoka nao. Hivyo alikuja Jumapili ya kwanza, akakaa karibu na mlango, hakusema mchezo. Akaja ya pili. Akaja ya tatu, nikampa kiti changu. Jumapili ya nne hakuonekana, alikuwa amekwenda kufunga kilio na watu wa ukoo wake.

Jumapili hiyohiyo mchimbaji alifika na mchezo mpya wa vita alioletewa kutoka ng'ambo ya ziwa. Ulidai nafasi kubwa kuliko mchezo wowote tulioujua. Niliangalia diski, nikawaambia lazima kitu kitoke.

"Ile ya papa mukulima iko kubwa?" mama aliuliza.

"Kubwa sana. Amejenga mingi mule."

"Lakini papa eko na kilio," mama alisema, kwa sauti ya mtu anayetaka apingwe.

"Kilio iko kwake," mchimbaji alisema. "Hapa alikuja, aliikala, hakusema. Moja, mbili, tatu. Fundi, kanuni yako inasema aje?"

Wengine walikuwa wameanza kukaza macho kwenye picha ya ule mchezo mpya. Mimi nilitazama katoni. Nitakuwa mkweli juu ya nilichofikiri, maana ndicho kinachonitia hasira kuliko vyote: nilifikiri kwamba nikivunja utaratibu mara moja, hautaheshimiwa tena. Nilifikiri juu ya utaratibu. Mashine iliniuliza kama nina hakika. Ikauliza tena mara ya pili, kwa maneno mengine. Nilibonyeza mara zote mbili.

Jumapili iliyofuata alikuja amenyolewa kichwa, shati lake limepigwa pasi, binti yake nyuma yake. Alikaa katikati, si mlangoni. Zamu yake ilipofika alisimama.

"Leo nasema," alisema.

Na alisema. Alituambia kwamba siku zote za kilio alikuwa akiwaza juu ya sehemu ya ardhi ya marehemu, mahali inapokomea juu, kwenye kisiki cha mkaratusi. Katika mchezo alikuwa amekiweka kile kisiki hatua kumi na mbili kutoka njia, lakini wakati wa kilio mama yao mdogo alimkumbusha kwamba ni ishirini, kwa sababu njia yenyewe ilihamishwa. Alitaka kukirekebisha leo, binti akiona. Alisema amegundua kitu kizuri katika mchezo huu ambao ameulaumu sana: unakubali kukosolewa. Ukikosea, unang'oa, unaweka tena, na hakuna anayekuua.

Alisema kwa muda mrefu. Sisi sote tulijua. Hakuna aliyemkatiza. Tulimwacha aeleze mpaka mwisho juu ya kisiki ambacho hakikuwepo, mama akitazama karai, mchimbaji akitazama mguu wake, mimi nikitazama waya nisiokuwa na kazi nao. Nimewahi kuona watu wakifanya mabaya makubwa zaidi ya hayo katika mji huu. Lakini mabaya hayo hayakufanywa na mimi.

Mama aliwasha mashine. Mkulima alipitisha macho kwenye picha za michezo, safu ya kwanza, safu ya pili.

"Iko wapi?"

Mchimbaji ndiye aliyejibu. "Ulinyamaza, papa. Dimanche tatu. Kanuni."

"Nilikuwa na kilio."

"Tulijua. Lakini ulikuwa unakuja. Kama haungekuja, tungesema hayuko. Uliikala pale, haukusema kitu."

Mkulima alimtazama kama mtu anayesikia lugha ambayo hakuwahi kufundishwa. Binti yake alisema polepole, "Papa, twende." Hapo ndipo nilipopandisha sauti. Nilimwambia mchimbaji kwamba hana moyo, kwamba amekula chakula cha matanga ya mtu kisha akafuta shamba lake kwa ajili ya bunduki za kuchezea. Nilisema mengine ambayo sitayaandika. Alisimama, na mguu wake ule mbovu, tukafika kifua kwa kifua.

"Weye njo uliandika," alisema. "Weye njo ulibonyeza. Sasa unanipigia kelele miye?"

Ndimi niliyeandika, ndimi niliyebonyeza; hakukosea hata neno moja. Ndiyo maana nilitaka kumpiga. Mama alituingia katikati na karai lake, akasema anayepigana atapigania barabarani. Nikaing'oa ile katoni, misumari ikaruka, nikaipasua vipande vinne.

"Umepasua," mchimbaji alisema. "Imerudi?"

Haikurudi. Nilikaa chini nikafanya nilichoweza. Nafasi ilihitajika, nikaufuta mji wangu, wa miaka minne, bila kumwuliza mtu. Sikusikia uchungu, na sidai shukrani kwa hilo. Mji wangu haukuwa wa mtu yeyote. Nilitafuta diski ya zamani, nikaurudisha mchezo wa mkulima. Ulipofunguka, nchi iliyotokea ilikuwa tambarare, mchanga mtupu mpaka mwisho wa macho.

"Hii si kwetu," alisema mkulima.

Nilimwomba anipe wiki. Kwa mara ya kwanza nilikaa na menyu za mchezo ule na kamusi. Kila nchi katika mchezo huo, niligundua, inatokana na namba moja ndefu. Ukiwa na namba, nchi ileile inarudi, kilima kilekile, kijito kilekile. Namba inaonekana kwenye ukurasa wa tatu wa menyu. Ingenichukua dakika moja kuinakili, siku yoyote, katika miaka miwili. Bila namba, mashine inaokota nchi nyingine kila mara unapoanza, kwa bahati tu, na idadi ya nchi zilizomo hakuna mtu atakayeimaliza. Nilimweleza mkulima hayo yote kwa utaratibu, kama ninavyomweleza mteja kwa nini betri yake haitapona. Nilitaka anitukane. Ningelala vizuri zaidi.

"Kwa hiyo iko mule," alisema. "Haijakufa. Iko mule, siye ndio hatujui mulango."

"Ndiyo. Lakini ni kama kutafuta..."

"Nimekusikia, fundi. Tuanze."

Tangu hapo kila Jumapili tunatafuta. Anabonyeza, nchi inatokea, anaitazama, anasema hapana, anabonyeza tena. Nakaa kando yake na kazi yangu ni kunakili namba ya kila nchi kabla hajaiacha, asije akajuta. Kusema mchezo bado tunasema, lakini si kama zamani. Watu wanasema haraka, kwa maneno machache, kila mmoja akipima mwingine. Mama amerudi kwa mwamuzi wake. Mchimbaji anacheza vita vyake kwenye televisheni ya pili na kupunguza sauti, na hatusalimiani isipokuwa kwa kichwa. Wengine wananung'unika kwamba mashine moja imeshikwa na mtu asiyecheza kitu.

"Grand, anatafuta mpaka lini?" mmoja aliniuliza, akiniita kaka mkubwa.

"Mpaka apate."

"Na asipopata?"

Nilimwambia kama anataka mashine aje aichukue mkononi mwangu. Hakuja. Sijivunii jibu lile. Lakini nikiulizwa tena nitalitoa vilevile.

Jumapili iliyopita ilitokea nchi yenye kilima. Nilikiona kabla yake: mabega mawili, msitu nyuma, uwanja mpana chini ambapo mihogo ingekaa. Nilinakili namba, nikairudia mara ya pili kuhakikisha. Hata mchimbaji alisimamisha vita vyake akageuka.

"Njo hiyo, papa," alisema. Alisema kwa upole, na nilichukia kwamba alikuwa mpole sasa.

Mkulima alitembea mpaka juu, akasimama, akageuka taratibu pande zote. Kijito kilikuwepo. Kilishuka upande wa kushoto.

Binti alikuwa amekiona naye. "Papa, tuchukue hii," alisema. "Nitakumbuka kama kijito iko upande ingine. Nitakumbuka kama ulivyonifundisha ya uzio. Tutaweka alama."

"Weye utakumbuka," alisema baba yake.

"Ndiyo."

"Na mutoto yako?"

Mkulima alingoja kidogo, kwa heshima, kama anayempa binti nafasi ya kusema. Kisha akabonyeza. Kilima kikaondoka, televisheni ikawa nyeusi, na mashine ikaanza kuokota nchi nyingine.